Kioo Ambacho Sikukiosha

Watu wengi wakisikia harufu ya spiriti hukumbuka sindano. Mimi hukumbuka kusamehewa, na damu hunichemka. Majuzi nilimpeleka binti yangu kliniki kuchanjwa, nesi akafungua ile chupa, akachovya pamba, na kabla hajamgusa mtoto mimi nilikuwa nimekunja uso mpaka akaniuliza kama naogopa sindano. Nikamwambia hapana, dada, endelea tu. Ningemwambia nini? Kwamba nimekasirika tangu darasa la saba?

Husemwa hasira hasara, na wanaopenda kulisema hilo mara nyingi ni wale wale waliokutia hasara. Kwangu hasara ilitangulia, hasira ikafuata nyuma, na mpaka leo haijachoka kutembea. Kwa hiyo wewe wa rika langu, uliyesimama kwenye paredi ya Jumatatu ukiwa na kaptura au sketi iliyoshonwa kiraka, nisikilize tu. Sitafuti ushauri.

Baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli pale mtaa wa Manyatta, Kisumu. Wakati huo pikipiki zilikuwa zimeanza kuwala watu wa baiskeli, lakini bado kulikuwa na wazee wa kubeba mkaa, wauza maziwa na wauza mkate, na wote walikuwa wakija kwake na magurudumu yaliyopinda. Nikitoka shule nilikuwa nakaa kwenye kibanda chake nikimshikia vitu. Alinifundisha kunyoosha rimu kabla sijajua kupika ugali ukaiva. Unageuza baiskeli juu chini, unazungusha gurudumu, unasogeza chaki karibu na rimu. Chaki ikigusa mahali, hapo ndipo pamepinda. Unakaza spoki ya upande huu, unalegeza ya upande ule, robo mzunguko tu, unazungusha tena.

"Usikaze tu, nyathina," alikuwa akiniambia. Nyathina kwa Kijaluo ni mwanangu. "Ukikaza huku, legeza kule. Hii kitu inavutana."

Na alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko amri kumi za kanisani. Bisibisi lazima ijae kwenye mfereji wa skrubu. Ukitumia ndogo, au ukisukuma ovyo, unakula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyoliwa kichwa haitoki tena kwa amani. Tusi lake kubwa kabisa kwa fundi mwenzake lilikuwa hilo: huyo anakula skrubu. Sikuwahi kumsikia akitukana zaidi ya hapo.

Sasa, shule yetu ikaletewa darubini. Walioileta walikuwa wageni wa kanisa fulani kutoka ng'ambo, wazee kwa vijana, wenye kofia pana na mafuta meupe puani. Ilisafiri kwa barabara kutoka Nairobi ikirushwarushwa nyuma ya gari. Wakaiweka mezani mbele ya ofisi, bomba jeupe, refu kama mtoto wa darasa la pili, ikaombewa, ikapigwa picha. Kisha wanafunzi tukapanga foleni tuchungulie mnara wa simu uliokuwa mbali, upande wa ziwa. Kila aliyechungulia alisema ameona. Tulikuwa na adabu. Mgeni amekuletea kitu, utamwambia hakifanyi kazi? Zamu yangu ilipofika nikaweka jicho, nikaona ukungu wa rangi ya uji, nikasema sioni kitu. Madam Mkuu, mwalimu mkuu wetu, akanifinya begani huku akiwachekea wageni. Wageni wakaondoka, darubini ikapelekwa stoo.

Siku ya pili Mwalimu Oduor akaniita. Alikuwa mwalimu wetu wa sayansi, kijana mrefu mwenye mikono mirefu zaidi, na sisi wote tulimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kiboko. "Atieno, wewe uliyesema huoni," akaniambia. "Njoo tutafute kwa nini huoni."

Nataka ujue kwamba alikuwa mtu mzuri. Angekuwa mtu mbaya ningeshamsahau.

Akaitoa darubini nyuma ya madarasa, upande wenye kivuli, ili jua lisije likaingia ndani kwa bahati mbaya likatuunguza macho. Akanichorea chini kwa kijiti. Chini kabisa ya bomba kumelala kioo kikubwa cha duara, kimebonyea katikati kama sahani. Karibu na mdomo kuna kioo kidogo kilichoinama, kimeshikwa na vyuma vyembamba. Mwanga unaingia, unapiga kioo kikubwa, unarudi juu, unapiga kioo kidogo, halafu unatokea ubavuni kwenye tundu la kuchungulia. Vioo hivyo viwili visipotazamana sawasawa, unapata uji. Nyuma ya kila kioo kulikuwa na skrubu tatu za kukielekeza. Alikuwa na karatasi ya maelezo ya Kiingereza iliyokuja na sanduku, na alikuwa anaisoma pole pole akijifunza pamoja nami. Hakuona haya kusema hajui.

"Toa hicho kijicho cha kukuzia," akasema. "Chungulia tundu tupu. Unaona nini?"

"Naona jicho, Mwalimu."

"La nani?"

"Sijui. Nafikiri ni alama ya kampuni."

Jicho likapepesa. Mwalimu Oduor alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Lilikuwa langu, limekwenda chini mpaka kioo kikubwa na kurudi, na lilikuwa limekaa pembeni, karibu na ukingo, kwa sababu vioo vilikuwa vimehama. Kazi yote, akaniambia, ni kulileta hilo jicho katikati. Katikati ya kioo kikubwa palikuwa na kipete cha karatasi nyeusi kilichobandikwa. Mimi nilidhani ni stika ya bei, kama zile zinazobandikwa kwenye beseni jipya, na kucha ilikuwa imeshaanza kuniwasha nikibandue. Akaniambia hiyo ndiyo shabaha, bila hiyo hujui katikati ni wapi.

Siku ya kwanza niliharibu zaidi. Nilikaza skrubu zote tatu kwa pupa, jicho langu likakimbia kabisa nikabaki naona ukuta wa bomba. Nikaenda kibandani nimenuna. Baba akaniuliza, nikamweleza, nikamchorea chini na mimi. Akatazama mchoro, akajifuta mikono.

"Hiyo ni rimu," akasema. "Si ni rimu tu?"

Akachukua kifuniko cha plastiki cha chupa ya dawa, akapasha spoki kwenye jiko la mama muuza chapati wa jirani, akatoboa tundu dogo katikati kabisa. Kikakaa vizuri kwenye tundu la darubini baada ya kuzungushiwa utepe wa tairi la ndani. Sasa jicho halikuwa na pa kuhangaika, lilikuwa linatazama kutoka katikati tu. Kesho yake nikaanza na kioo kidogo, nikakigeuza mpaka ndani yake nikaona vibanio vyote vitatu vinavyoshika kioo kikubwa. Halafu nikaanza skrubu za chini, kaza huku, legeza kule. Shida ni kwamba mkono wangu haukufika. Jicho likiwa juu kwenye tundu, skrubu ziko chini kule mkiani. Basi Mwalimu Oduor akachuchumaa mkiani na bisibisi ya Baba, na mimi nikawa nasema.

"Ya kushoto, Mwalimu. Robo. Bado. Rudisha kidogo. Sasa ile ya juu."

Na yeye anafanya. Mtu mzima, mwalimu, anageuza pale ninaposema, anaacha ninaposema acha. Nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu mkubwa "hapa?" akangoja jibu langu. Kipete kikasogea, kikasogea, kikaingia kwenye kivuli cha kioo kidogo, na jicho langu likakaa katikati yake likinitazama. Akauliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Imefika."

Saa kumi hivi mwezi ulikuwa juu, nusu, mweupe kwenye anga la mchana, wala hakuna aliyekuwa anautazama. Tukauelekezea darubini. Ule mwezi ninaoujua mimi una mashimo, una kingo, una vivuli vidogo ndani ya mashimo. Niliuona kabla ya Mwalimu, alinipa zamu ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini mnara wa simu, tulipoutazama tena, ulisimama kichwa chini. Akasema huko ndani kila kitu hugeuka, na kwamba mwezi haujali. Nilirudi nyumbani nikikimbia kumwambia Baba, na Baba akasema siku moja atakuja auone.

Siku hiyo ikapatikana. Wageni wakaandika kwamba watarudi mwezi ujao, Ijumaa, na Mwalimu Oduor akahesabu kwenye kalenda akaona mwezi utakuwa nusu tena. Akamwambia Madam Mkuu kwamba Atieno wa darasa la saba ndiye atakayewaonyesha wageni. Wazazi wakaalikwa. Ndugu msomaji, Baba alikuwa hajawahi kuitwa shule kwa jambo jema. Kuitwa shule kwetu kulikuwa na maana moja. Alimpasha habari hiyo kila aliyeleta pancha. Akanunua kofia.

Na sasa nifike kwenye kioo chenyewe, na nitakieleza taratibu kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipo. Kiswahili chetu kina neno moja, kioo, kwa kile cha dirishani na kile cha kujitazamia. Kioo cha kujitazamia nyumbani kina rangi yake ya fedha nyuma, na mbele kuna gilasi unayoweza kusugua upendavyo. Ukigusisha ncha ya kijiti kwenye kioo cha nyumbani, kijiti na mwenzake wa ndani hawakutani, kuna nafasi katikati. Siku moja nikisafisha vumbi mdomoni mwa bomba, kijiti cha ufagio kiligusa kile kioo kidogo, na nikaona ncha zinakutana kabisa. Hakuna nafasi. Nikakaa nikafikiri, na kikubwa pia lazima kiwe hivyo. Nikamwambia Mwalimu.

"Mwalimu, hiki kioo rangi yake iko mbele. Hakina gilasi ya kukilinda."

Akacheka kwa upole. "Atieno, kioo ni kioo."

Nilimwambia. Sikilizeni vizuri hapo. Nilimwambia.

Alhamisi, siku moja kabla ya wageni, shule iligeuzwa juu chini. Mnazijua siku hizo. Mawe yanapakwa chokaa, nyasi zinafyekwa, madarasa yanapigwa deki, na wale wanaochelewa wanaosha vyoo. Madam Mkuu akasimama paredini akasema anataka kila kioo cha shule hii king'ae. Madirisha tulikuwa tunayaosha jinsi tulivyofundishwa na Mwalimu Oduor mwenyewe: spiriti kidogo, kisha gazeti lililokunjwakunjwa, unasugua kwa mzunguko mpaka linalia. Tukaosha. Jioni nikaenda stoo kuangalia darubini yangu kwa mara ya mwisho. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Chini ya mlango ilikuwa inatoka harufu ya spiriti, na nikasikia gazeti linalia.

Nikabisha. "Mwalimu?"

"Nenda nyumbani, Atieno," akajibu kutoka ndani. "Kesho utafurahi. Nakifanya king'ae."

Kwa nini sikupiga kelele? Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mwalimu ameniambia nenda nyumbani. Nikaenda nyumbani.

Ijumaa wageni wakaja, nyimbo zikaimbwa, wazazi wakakaa kwenye madawati chini ya turubai. Baba na kofia yake mstari wa pili. Nikaletewa darubini. Nikaweka kile kifuniko chenye tundu nikachungulia, na kipete hakikuwepo. Spiriti ilikuwa imeibandua karatasi, na mahali ilipokuwa gundi palikuwa pamesuguliwa kwa kitu kikali kuliko gazeti, nafikiri ule waya wa kusugulia sufuria. Rangi ya fedha ilikuwa imetoka mabaka mabaka. Kilichobaki kilikuwa na mikwaruzo ya mzunguko, miduara mikubwa. Jicho langu mwenyewe sikuliona vizuri. Nikajaribu hata hivyo. Nikaelekeza kwenye mwezi, mwezi ukawa doa la maziwa kwenye uji. Watu mia mbili wananingoja.

Mzee mmoja wa wageni akaja taratibu, akamulika ndani ya bomba kwa tochi, akatikisa kichwa. Akasema kitu kwa Kiingereza, na Madam Mkuu akatafsiri kwa sauti ambayo turubai zima lilisikia: mtu amekiosha kioo hiki, na kioo hiki hakioshwi hivyo, kimekufa.

"Nani amegusa darubini?" Madam akauliza.

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Watoto wote walinitazama mimi, kwa sababu mwezi mzima hakuna mwanafunzi mwingine waliyemwona nayo. Mimi nikamtazama Mwalimu Oduor. Alikuwa amesimama kando ya meza, na alikuwa anatazama viatu vyake. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi vizuri.

Tukaingizwa ofisini: Madam Mkuu, Mwalimu Oduor, mimi na Baba. Bomba likaegemezwa kwenye kabati, kioo kikiwa bado ndani. Pale mlangoni, kabla hatujaingia, Mwalimu Oduor aliniinamia akaninong'oneza. "Usijali. Nitaongea na Madam."

Jamani, nilivyoyapokea yale maneno. Nilidhani anasema atasema ukweli. Nilidhani anangoja tuwe ndani, wageni wasisikie, kwa sababu ya heshima ya shule, na kwamba hiyo ndiyo njia ya watu wazima ya kufanya mambo. Kwa hiyo Madam aliponiuliza kama ni mimi nilikaa kimya. Nilikuwa namwachia Mwalimu zamu yake. Kimya changu kikaandikwa kuwa ndiyo.

Baba hakuniuliza. Alivua kofia, akaenda kwenye bomba, akainama nyuma yake pale skrubu za kushikia kioo zilipo. Akapitisha kidole gumba juu yake moja moja. Akageuka.

"Madam," akasema. "Hii skrubu imeliwa kichwa. Zote tatu. Mtoto yangu hawezi kula skrubu. Mtu yenye ametoa kioo ametumia bisibisi ndogo, tena na nguvu mingi. Nguvu hiyo Atieno hana."

"Mzee," Madam akamjibu, "hapa tunaongea mambo ya sayansi, si baiskeli."

"Ndiyo, Madam. Lakini skrubu ni skrubu."

"Mzee, tafadhali kaa."

Baba akakaa. Yeye peke yake ndani ya ofisi ile ndiye aliyekuwa amekichunguza kile chombo na kusoma kilichoandikwa juu yake, na akaambiwa akae. Nikamtazama Mwalimu Oduor. Sasa, nikawaza. Sasa ndiyo zamu yako.

Akakohoa. "Madam, mimi ningeomba tumsamehe," akasema. "Ni mtoto. Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu king'ae kwa ajili ya wageni. Na mimi nina lawama yangu, nilimwamini nikamwachia ufunguo wa stoo."

Madam akalainika pale pale. Akasema shule ina bahati kuwa na mwalimu mwenye moyo kama huo. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Mwalimu Oduor aliosha, nikaoshwa mimi.

Mambo hayakuishia ofisini. Jumatatu paredini niliitwa mbele, Madam akaeleza wanafunzi wote nilichofanya, akaeleza jinsi Mwalimu Oduor alivyoniombea, akaitumia kama somo la msamaha kutoka kwenye Biblia. Wakampigia makofi ya kilo, yale ya kupangwa. Kisha nikaambiwa, "Mwambie Mwalimu asante."

Nikasema, "Asante, Mwalimu."

Kofi lingeuma likapoa. Ningechapwa viboko ningejua kwamba nimeonewa, na watu wangenihurumia. Lakini ukisamehewa kosa ambalo si lako, na ukasema asante, basi umelinunua, ni lako, utazeeka nalo. Mpaka namaliza darasa la nane jina langu lilikuwa Sabuni. Kabati la sayansi sikuruhusiwa kulikaribia. Nikinyoosha mkono darasani Mwalimu Oduor alikuwa anachagua mwingine, bila kunitazama, na sauti yake ikiwa ile ile ya upole. Nafikiri aliniogopa. Wakati huo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kumwogopa mtoto.

Baba hakuwahi kuniuliza kama ni mimi. Siku ile ya Ijumaa tulitembea mpaka kibandani, akakaa kwenye kigoda chake, akasema, "Atakuja kusema. Mtu yenye anajua kosa yake anakuja." Mwalimu Oduor alikuwa na baiskeli, na kila wiki alikuwa anapita kwa Baba kutiwa upepo. Tangu siku ile akabadilisha njia. Baba akawa anaangalia barabara. Alimngoja kwa mwaka, halafu akaacha kulisema, lakini sijui kama aliacha kumngoja. Tulimzika nyumbani kwetu karibu na Ahero, mvua ikinyesha, na katika mengi mazuri waliyoyasema juu yake hakuna aliyejua kwamba siku moja alisema ukweli ofisini akaambiwa akae.

Na mimi? Mimi nilikuwa na mdomo. Miaka yote hiyo nilikuwa na mdomo na sikuutumia, na hilo pia linanikasirisha. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto hamwiti mwalimu mwongo, na hata nilipokuwa mtu mzima yule mtoto alikuwa bado anatii.

Sasa hivi ninafanya kazi kwenye duka la miwani hapa mjini Kisumu. Narekebisha fremu. Wiki mbili baada ya ile chanjo ya binti yangu, akaingia mzee mmoja mrefu, ameinama kidogo, mkono wa miwani yake umelegea. Sikumtambua mpaka alipozungumza. Ile sauti ya upole haijazeeka. Nikachukua miwani nikaanza kuikaza, na yeye akawa ananitazama kwa kukaza macho.

"Wewe si Atieno wa fundi wa baiskeli?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

Akafurahi. Nasema kweli, uso wake ulifurahi. Akawageukia wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi, mama mmoja na kijana wa chuo.

"Huyu mtoto," akawaambia, "aliwahi kuharibu darubini ya shule nzima. Aliosha kioo mpaka kikafa. Walitaka kumfukuza. Mimi ndiye nilimwombea msamaha. Na sasa muoneni, anatengeneza miwani ya watu."

Mama yule akasema Mungu ni mwema. Kijana akatabasamu. Nilikuwa nimeshika miwani yake mikononi, na nikamtazama nione kama anadanganya, na nikaona kitu kibaya zaidi. Alikuwa ameisimulia mara nyingi. Ilikuwa imelainika mdomoni mwake.

"Mwalimu," nikasema, "kile kioo ulikiosha wewe."

Nikaendelea, na sauti yangu haikupanda. "Alhamisi jioni, stoo, mlango umefungwa. Nilibisha ukaniambia niende nyumbani. Baba yangu alisema ofisini kwamba si mimi, na wewe ulikuwa umesimama pale ukimsikia. Amekufa akikungoja."

Mwalimu Oduor akatazama chini. Kisha akainua uso, akawatazama wale wawili kwenye benchi, na kile kitabasamu cha upole kikarudi.

"Mnaona," akawaambia. "Mtoto bado ana uchungu. Lakini mimi nilishamsamehe zamani."

Nikamaliza kukaza. Nikaifuta miwani kwa kitambaa laini, nikaikunjua, nikamkabidhi kwa mikono miwili jinsi mtu mkubwa anavyokabidhiwa kitu.

"Iko tayari, Mwalimu," nikamwambia. "Lakini mimi sijakusamehe."

Akaivaa. Akatazama mlango, akatoka, akashika njia ya sokoni bila kugeuka. Hakuniuliza nimsamehe kosa gani.